SOMO KWA MAKATIBU: Kusafisha Kompyuta ya Chama

Chama cha msingi kinapokuwa na kompyuta, humo ndimo hutunzwa daftari la wanachama, hesabu za ufuta uliopokewa ghalani na orodha za malipo. Diski ikikaribia kujaa, katibu hushawishika kufuta faili za programu ya ofisi asizojua kazi yake: kamusi za lugha ngeni, picha za mapambo, vielelezo vya barua. Je, yafaa kufanya hivyo?

1. Faida ni ndogo. LibreOffice, programu ya ofisi itolewayo bure, huhitaji nafasi ya hadi gigabaiti 1.5. Katika diski ya gigabaiti 250, hiyo haifiki sehemu moja katika mia. Aghalabu diski hujazwa na video, picha na nakala zilizorudiwa.

2. Hasara ni kubwa. Faili za programu hutegemeana kama vyuma vya mashine ya kukoboa kahawa. Mtu aking'oa chuma kimoja, huenda asione dosari siku hiyo. Lakini siku ya kutayarisha malipo programu yaweza kukataa kufunguka, au kushindwa kupokea marekebisho mapya, ilhali wakulima kutoka Songea hadi Namtumbo wanangojea haki yao.

3. Iko njia ya salama. Katibu asifute faili mojamoja kwa mkono. Afungue orodha ya programu katika mipangilio ya kompyuta, achague kuibadili programu hiyo, kisha aondoe lugha na kamusi zisizohitajika. Achunge asiondoe kamusi ya Kiswahili, itambulikayo kwa herufi «sw». Kazi ya kuiingiza lugha yetu katika programu za ofisi si ya jana: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.

4. Faili za muda zaweza kufutwa, lakini baada ya kuhifadhi kazi na kufunga programu zote. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, zisiguswe kwanza: huenda ndizo zitakazorudisha hesabu iliyopotea.

5. Kumbukumbu za chama si takataka. Kabla ya usafi wowote, zitolewe nakala mbili, moja ihifadhiwe nje ya ofisi. Kumbukumbu yoyote isifutwe bila idhini ya Bodi, kwani mkaguzi wa COASCO atakapoiuliza, jibu la «ilifutwa» halitamtosha, wala halitamtosha mwanachama. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Maswali ya kujadiliwa katika chama:
(a) Nakala za daftari la wanachama ziko wapi, na nani anazitunza?
(b) Ni kitu gani hasa kinachojaza diski ya chama?
(c) Nani mwingine, mbali na katibu, ajuaye kuifungua kompyuta hiyo?