Ushindani Usio na Vita: Riziki ya Pengwini wa Bahari ya Ross

Neno ushindani likitajwa, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya ugomvi: huyu ampiga yule, na mwenye nguvu amnyang'anya mnyonge tonge mkononi. Lakini upo ushindani wa namna nyingine, usio na kelele wala damu, ambao washindani wake huenda wasionane kabisa. Mfano ulio wazi twaupata kwa pengwini, yule ndege wa nchi za baridi asiyeweza kuruka, bali huogelea kama samaki.

Kusini kabisa mwa dunia, pembezoni mwa bara la Antaktika, ipo Bahari ya Ross. Ndani yake kipo Kisiwa cha Ross, na kaskazini yake kisiwa kidogo cha Beaufort. Hapo pengwini wa aina ya Adelie wana makao manne ya kuzalia: Rasi ya Crozier, Rasi ya Bird na Rasi ya Royds katika Kisiwa cha Ross, na ya nne ni Beaufort. Makao haya ni majirani, lakini hayalingani kwa wingi wa ndege. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Royds ilikuwa na jozi zipatazo 3,900 tu, hali Crozier ilikuwa na jozi zipatazo 135,000.

Kila jozi kwa kawaida hutaga mayai mawili. Makinda wakiisha anguliwa, mzazi mmoja hubaki kuwalinda, naye mwenzake huenda baharini kuleta uduvi na samaki wadogo. Baada ya majuma matatu hivi, mahitaji ya makinda huzidi, hata wazazi wote wawili hawana budi kwenda kuwinda. Na kwa kuwa mzazi hurudi kwa kuogelea, kila kilomita inayoongezeka ni njaa iliyoongezeka kwa kinda. Basi tujiulize: uduvi ulio karibu na Crozier utawatosha wote hao?

Swali hili lilichunguzwa na wataalamu, mmoja wao David Ainley wa Marekani, katika misimu minne ya uzazi tangu 1997 hata 2000. Baadhi ya ndege walifungwa vyombo vidogo vya redio ili ijulikane wanakowinda. Kadhalika iliwekwa mizani ya kuwapima watokapo na warudipo, na makinda nao walipimwa kila juma. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004, nayo kwa ufupi ni haya:

Kwanza, kila ndege hupenda kuwinda karibu na kwake. Lakini kadiri msimu ulivyoendelea, safari zilizidi kuwa ndefu, hasa za ndege wa Crozier.

Pili, ndege wa makao yale matatu madogo walishirikiana sana katika maji yale yale.

Tatu, na hili ndilo la kushangaza, ndege wa makao madogo hawakuwinda ila kwa nadra katika maji ya wale wa Crozier, ingawa walikuwa na uwezo wa kufika huko. Kadiri eneo la Crozier lilivyopanuka, maeneo yao yalinywea.

Ni nani aliyewafukuza? Hakuna. Pengwini hawa ni hodari wa kugombana nchi kavu. Huibiana vijiwe vya kujengea viota na kudonoana kwa ajili yake. Lakini baharini hapana mpaka wala mlinzi. Wataalamu walikata shauri kwamba ndege wale, kwa wingi wao, huupunguza uduvi au huufanya uwe mgumu kupatikana. Afikaye katika maji hayo hakuti adui, hukuta upungufu.

Wazo kama hili lilitangulia kutolewa mwaka 1963 na Philip Ashmole, aliyechunguza ndege wa bahari katika Kisiwa cha Ascension. Alieleza kwamba ndege wengi wazaliapo mahali pamoja hupunguza chakula cha kandokando yao, na hivyo wingi wao wenyewe huwa mpaka wao.

Je, makinda waliumia? Hapa yatupasa tusiseme zaidi ya ushahidi. Katika misimu ile minne, kinda wa Crozier hakukua vibaya kuliko wenzake. Wazazi ndio waliolipa gharama kwa kwenda mbali. Lakini msimu uliotangulia ulikuwa mgumu: safari zilirefuka mno, wazazi wakakonda, na tonge la kinda likapungua. Yaani bahari ikiwa na neema, mwendo mrefu huokoa. Neema ikipungua, mwendo huo hautoshi tena.

Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo ziumiazo. Katika Bahari ya Ross fahali hawapigani, na hata hivyo nyasi zaweza kuumia. Mkubwa hakumkusudia mdogo ubaya wowote. Kula kwake tu kulitosha kumbana. Binadamu naye ni mvuvi katika bahari hiyo. Kwa hiyo mataifa yalipatana mwaka 2016, na tangu Desemba 2017 kilomita za mraba zipatazo milioni 1.5 zimewekwa chini ya hifadhi, na katika sehemu iliyo kubwa ya hizo uvuvi wa biashara umekatazwa.

Basi atakaye kujua kama amemdhuru jirani yake, haitoshi ajiulize, "Je, nimempiga?" Yampasa ajiulize pia, "Baada ya mimi kushiba, kimebaki nini?"