Ontolojia katika Uendeshaji wa Mitandao ya Vihisi: Suala la Neno "Kipimo"

Neno kipimo katika Kiswahili hubeba angalau maana tatu: chombo cha kupimia, tendo la kupima, na kiasi kinachopatikana. Mzungumzaji huzitofautisha kwa muktadha. Kompyuta haiwezi, isipofafanuliwa. Kazi hiyo hufanywa na ontolojia, yaani maelezo rasmi ya dhana na mahusiano yake (istilahi imeazimwa kutoka falsafa, nayo maana yake imefinywa mno). Ontolojia ya SSN, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2017, hutenga kihisi, tendo la kupima, tokeo, na kitu kinachopimwa.

Katika kisiwa cha Great Duck, Maine, Marekani, vituo 32 vidogo vya vihisi visivyotumia waya viliwekwa mwaka 2002 kuchunguza mashimo ya ndege wa baharini. Nambari ya joto peke yake haibainishi kama imetoka ndani ya shimo au nje. Mtandao wa namna hiyo ukielezwa kwa ontolojia, programu huweza kutambua kuwa shimo ni tupu, ikakiamuru kituo kipime kwa nadra ili betri isiishe mapema. Hata hivyo, usahihi wa uamuzi huo hutegemea fasili ya "tupu": ndege aliyekwenda baharini kutafuta chakula hajahama.