Kilabu cha Bibi Hakina Karatasi

Mwaka wa pili tulipewa kazi: chagua sehemu moja mtaani kwenu, andika historia yake. Wenzangu wakachagua makanisa na shule. Mimi nilikuwa nakwepa sehemu moja tu, kilabu cha pombe cha bibi yangu kule Kagondo, Muleba. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, lakini chuoni nilikuwa nasema Bibi ni mkulima. Mwishowe nikaenda huko huko.

Tatizo la kwanza: hakuna karatasi. Nikauliza, "Bibi, ulianza lini?" Akajibu, "Baba yako anatambaa, askari wa Amini wameshafukuzwa." Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, yakatimuliwa, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Basi kilabu ni cha 1979 au 1980. Somo la kwanza, ndugu msomaji: usimdai mzee tarehe, mdai tukio. Kwetu matukio yapo: vita, mnyauko wa migomba ulioonekana Muleba mwaka 2006, tetemeko la 10 Septemba 2016.

Somo la pili: fuata bidhaa. Lubisi ni ndizi za pombe zilizoivishwa, zikakamuliwa kwa miguu pamoja na nyasi, kisha juisi ikachachushwa kwa unga wa mtama uliokaangwa. Mgomba ukinyauka, kilabu kinanyauka. Bibi anakumbuka mwaka aliofunga miezi mitatu kwa kukosa ndizi; hapo ndipo ugonjwa ulipofika kwetu.

Somo la tatu: linganisha. Mteja mmoja mzee aliapa kwamba alikunywa hapo kabla ya vita. Nikadhani anachanganya. Kumbe kilikuwepo kilabu kingine ng'ambo ya barabara, na mwenyewe hakurudi baada ya vita. Mzee hakukosea, mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

La mwisho ndilo gumu. Mama jirani aliponiona na daftari alisema, "Andika na kahawa ya mume wangu, yote iliishia humo." Niliandika. Jioni nikamsomea Bibi rasimu nzima, nikifika hapo sauti ikapungua. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ni kweli. Usifute. Na hela hiyo ndiyo iliyokusomesha, andika na hilo."

Nimeandika. Na siku hizi nikiulizwa Bibi anafanya kazi gani, najibu: anauza lubisi.