Kiazi Kitamu cha Rangi ya Chungwa: Lishe ya Macho ya Mtoto Wako

Katika masoko ya Busia, kiazi kitamu hununuliwa kwa kuangalia ukubwa na bei. Wakazi wengi hawaulizi rangi ya ndani. Katika somo la afya na lishe la toleo hili tunaeleza kwa nini rangi hiyo ni muhimu, hasa kwa nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito.

Rangi ina kazi gani?

Rangi ya chungwa ndani ya kiazi hutokana na beta-karotini, ambayo pia hupatikana kwenye karoti, malenge na embe bivu. Mwili huibadilisha kuwa vitamini A. Kiazi cheupe hushibisha na kutia nguvu, lakini hakina beta-karotini ya kutosha. Ugali wa mahindi meupe nao hauna. Mtoto anaweza kula akashiba kila siku na bado akakosa vitamini hii.

Kiazi kimoja kidogo cha rangi ya chungwa, cha takriban gramu 125, kinaweza kumpa mtoto mdogo vitamini A anayohitaji kwa siku.

Hatari ya kuikosa

Kulingana na Shirika la Afya Duniani, upungufu wa vitamini A ndio chanzo kikuu cha upofu wa watoto unaoweza kuzuilika. Pia hudhoofisha kinga, hivyo surua au kuhara humwelemea mtoto haraka zaidi.

Dalili ya mapema ni kutoona vizuri gizani. Mtoto anayecheza vizuri mchana huanza kujikwaa au kupapasa vitu jua linapotua. Wazazi wengi hudhani ni usingizi. Ukiona hivyo, au macho yake yakionekana makavu, mpeleke kituo cha afya mara moja. Usingoje mavuno ya viazi. Mtoto huyo anahitaji matibabu.

Kiazi hakichukui nafasi ya matone

Watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 hupewa vitamini A kila baada ya miezi sita. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba, ni nafasi nzuri kwa waliokosa. Endelea kumpeleka mtoto hata kama viazi vimejaa nyumbani, na ubebe kijitabu cha Mama na Mtoto. Usiogope kwamba matone na kiazi vitazidi mwilini, kwa kuwa mwili hubadilisha beta-karotini kwa kiasi unachohitaji tu.

Namna ya kupika

- Chemsha kiazi na maganda yake, sufuria ikiwa imefunikwa. Sehemu kubwa ya beta-karotini hubaki.
- Kula pamoja na mafuta kidogo, karanga, parachichi au maziwa. Bila mafuta, mwili hauchukui beta-karotini vizuri.
- Mtoto aliyetimiza miezi 6 apondewe kiazi na kulainishiwa kwa maziwa. Kabla ya hapo, maziwa ya mama pekee yanamtosha.
- Ukikausha vipande vya kusaga unga, vianike kivulini penye hewa. Jua kali huharibu beta-karotini, na unga ukikaa miezi mingi hupungukiwa zaidi.
- Majani machanga ni mboga nzuri. Usiyatupe.

Je, mgonjwa wa kisukari anaweza kula?

Anaweza, kwa kipimo. Kiazi kina nyuzinyuzi, lakini pia kina wanga. Kilichochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko kilichochomwa. Ale kipande cha wastani pamoja na mboga na maharagwe, wala asiache dawa. Ukisikia mtu akitangaza kwamba kiazi hiki huponya kisukari, usimwamini.

Shambani

Mbegu zinazofahamika nchini ni pamoja na Kabode na Vita. Chukua marando kutoka shamba lisilo na ugonjwa. Majani yaliyojikunja, yenye manjano au yaliyodumaa ni dalili ya virusi, na virusi hivyo husafiri na marando hadi kwako. Kata vipande vya sentimita 20 hadi 30, vipande kwenye matuta na uache sentimita 30 kati ya shina na shina. Mavuno huwa tayari baada ya miezi minne hadi mitano.

Udongo ukipasuka, rudishia tuta, kwa sababu fukusi hupitia kwenye nyufa. Kiazi kilichotobolewa na fukusi huwa kichungu na kina sumu. Usikile wala usimpe mtoto. Kabla ya kiangazi, hifadhi marando kwenye kitalu kidogo karibu na maji. Familia nyingi hupoteza mbegu hapa, na mvua ikirudi hukosa cha kupanda.

Historia iliyo karibu nasi

Wazo la kuunganisha kliniki na shamba lilijaribiwa hapa hapa Busia na kwa jirani zetu wa Bungoma kupitia mradi wa Mama SASHA. Mama mjamzito alipohudhuria kliniki alipata ushauri wa lishe na vocha ya kuchukulia marando. Mwaka wa 2016, watafiti wa kiazi hiki, akiwemo Robert Mwanga wa nchi jirani ya Uganda, walikuwa miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula Duniani.

Unachoweza kufanya wiki hii

Fungua kijitabu cha mtoto wako uangalie tarehe ya mwisho aliyopewa vitamini A. Ikiwa imepita miezi sita, nenda zahanati iliyo karibu au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Kisha muulize afisa wa kilimo wa wadi yako mahali pa kupata marando safi. Matuta machache nyuma ya nyumba yanatosha kuanzia.