SOMO LA BAHARINI: MANENO TULIYOYAKUTA KISITE NA WASINI

Kabla sijaanza, wacha nikuulize swali moja: pomboo ni samaki ama si samaki? Usikimbilie kujibu. Mimi nilikimbilia, nikajikwaa.

Ilikuwa hivi. Muhula wa kwanza mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha ya kueleza siku moja baharini. Mimi kwetu ni huku bara ya Kwale, upande wa Kinango, ambako maji tunayoyajua ni ya lambo na ya mtungi. Bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, tukivuka Likoni kwa feri, na hata siku hiyo nilifumba macho. Lakini insha ni insha. Nikaandika: "Samaki waitwao pomboo waliruka juu huku magamba yao yakimetameta mithili ya lulu." Nilijua alama zote ni zangu. Daftari liliporudi, sentensi ile ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika: "Magamba? Umeyaona wapi?" Darasa zima lilicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Basi Chama cha Kiswahili kilipotangaza ziara ya siku moja kwenda Shimoni, Kisite na Wasini, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Pesa zilikuwa shida. Mama aliuza kuku wawili. Ndugu yangu mdogo, aliye gredi ya tatu, akaniambia, "Dada, ukimwona pomboo uniletee habari zake zote." Nikamwahidi.

Makala haya ni somo nililorudi nalo. Nimelipanga kwa sehemu tano ili wewe usiyewahi kufika upate faida, na wewe uliyefika ujikumbushe.

1. SHIMONI: MAHALI NA NGELI YAKE

Tuliondoka shuleni saa kumi na moja alfajiri kwa basi la kukodi. Tulishuka hadi barabara ya Lungalunga, tukaelekea kusini, kisha tukakata kushoto hadi barabara ilipoishia ufukoni. Hapo ndipo Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania.

Jina lenyewe ni somo: shimo + ni = shimoni. Kweli pana shimo, yaani pango kubwa la mwamba wa matumbawe. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kuwapeleka Unguja. Tuliingia kimya, tukatoka kimya.

Mwalimu akatusimamisha mlangoni atufundishe ngeli ya mahali. Tazama:

(a) Shimoni hapa pana soko la samaki. (Mahali maalumu)
(b) Shimoni kule kuna watu wengi. (Mahali kwa jumla, mji wote)
(c) Shimoni humu mna popo. (Ndani kabisa)

Darasani PA-KU-MU ilinisumbua miaka miwili. Nilipompisha popo wa kwanza juu ya kichwa changu, sikusahau tena MU ni nini!

2. CHOMBO NA METHALI ZAKE

Saa mbili na nusu tulipanda chombo. Nahodha alikuwa mzee wa makamo mwenye kofia ya kiua. Tukamwamkia, "Shikamoo mzee!" naye akajibu, "Marahaba wanangu. Kaeni katikati, chombo kisilale upande."

Chombo chake kina tanga na mlingoti, lakini siku hizi huenda kwa mashine. Mwalimu alimwomba atutajie sehemu zake, naye akazitaja bila kufikiri, kama mtu atajaye vidole vyake: mbele ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa, tumboni, maji yanakokusanyika, ni ngama.

Wacha niseme ukweli. Methali "Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" nimeiandika katika mitihani mara nyingi. Nilijua maana ya nje: mtu hata akienda mbali, mwisho hurudi kwao. Lakini tezi nilidhani ni mji, na omo mji mwingine! Nahodha akatuonyesha kwa macho. Wimbi lilirusha maji omo. Maji yakateremka hadi ngamani. Jingine likapiga tezi. Nayo yakateremka kuko huko. Kijana wake akayateka kwa kopo, akayamwaga nje. "Mnaona?" akasema. "Yaingie huku, yaingie kule, nyumba yake ni ile ile."

Nikapata moyo, nikauliza ile ya "Dau la mnyonge haliendi joshi." Akasema kwenda joshi ni kuupanda upepo, kuelekea kule utokako. Hapo yahitajika tanga zima na kamba imara. Mnyonge ambaye tanga lake lina viraka huenda anakosukumwa. Manake methali hiyo haisemi mnyonge ni mvivu. Inasema hana vifaa. Hayo kitabuni sikuyaona.

Nikamuuliza kama watoto wake wanayajua maneno hayo. Akatazama mashine yake. "Huyu wangu mkubwa anayajua. Mdogo anajua petroli." Tulicheka, lakini yeye hakucheka.

3. POMBOO

Sasa tunafika penye shina la habari. Tulipolipita pembe la Wasini, mtu akapiga kelele, "Wale!" Mbele, kwa mbali, mapezi meusi yalichomoza majini. Vyombo viwili vya watalii vilikuwa vimeshayaona. Vikaongeza mashine, kimoja kulia, kimoja kushoto. Mapezi yakazama.

Sisi sote tukasimama. "Mzee, ongeza moto! Watatutoroka!" Badala ya kuongeza, nahodha akapunguza. Kisha akazima kabisa. Mvulana mmoja wa kidato cha nne akasema kwa sauti, "Lakini tumelipa!" Mwalimu akainamisha uso kwa aibu.

Nahodha hakukasirika. Akasema, "Mmelipa chombo, wanangu. Pomboo hamkumlipa. Yule ana mtoto. Mtoto lazima apande juu kuvuta pumzi, na mama amnyonyeshe. Ukimkatia njia, atapumua saa ngapi? Leo atakimbia, kesho atahama. Na mimi kesho nitampeleka nani kuona nini?"

Akatueleza kwamba zamani baba yake alivua papo hapo. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ilipoanzishwa mwaka 1973, wavuvi walilalamika sana, kwani walipoteza mahali pa riziki. Hadi leo sehemu ya Kisite, kilomita za mraba 28, hairuhusiwi kuvuliwa kabisa; sehemu ya Mpunguti, kilomita za mraba 11, huruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. "Baba alinyang'anywa shamba," akasema. "Mimi nimepewa jingine. Pomboo ndiye shamba langu. Nilichome kwa mikono yangu?"

Msomaji, nisikudanganye. Wakati ule sikuyapenda maneno yake. Niliwaza kuku wawili wa mama. Niliwaza ndugu yangu aliyekuwa akingoja habari. Tukakaa robo saa nzima, jua linachoma, chombo kinayumba, wenzangu wawili wanatapika. Vile vyombo vingine vikaenda zao.

Ndipo nikasikia: pfuuu! Kama mtu aliyeshusha mzigo. Ubavuni mwetu mgongo wa kijivu ulipanda, ukapinda, ukashuka. Ulikuwa laini kama jani la mgomba lililonyeshewa. Nyuma yake akaja wa pili, na kati yao mdogo, akipanda mama anapopanda. Watatu. Tundu la juu ya kichwa nililiona likifunguka na kufumba. Walipanda mara nne, kisha wakaenda. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mvulana wa kidato cha nne ndiye aliyenong'ona, "Hana magamba," akanitazama, tukacheka wote wawili.

Basi, jibu la swali langu. Pomboo si samaki, kwa sababu:

(a) Hupumua hewa kwa mapafu, kupitia tundu lililo juu ya kichwa. Samaki hupumua majini kwa matamvua.
(b) Huzaa na kumnyonyesha mtoto.
(c) Hana magamba.
(d) Mkia wake umelala, huupiga juu na chini. Mkia wa samaki umesimama, huupiga kulia na kushoto.

Nyangumi naye ni mnyama wa jamii hiyo hiyo. Nahodha alisema hupita pwani yetu wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa Julai hadi Septemba hivi, akitoka bahari za baridi za kusini. Sisi tulikwenda wakati wa kaskazi, bahari ikiwa tulivu, kwa hiyo hatukumkuta.

4. FUNGU, KASA NA MATUMBAWE

Tulifika Kisite kama saa nne, maji yakiwa yamekupwa. Hapo nikajifunza neno jipya: fungu. Nilijua fungu la nyanya sokoni tu. Kumbe fungu pia ni kilima cha mchanga kinachochomoza katikati ya bahari maji yakipwa. Tulishuka juu yake, mchanga mweupe, maji ya kijani pande zote. Tulicheza kati, tukaandika majina yetu mchangani, tukala mahamri ya asubuhi. Kwa muda wa saa moja tulikuwa na nchi yetu wenyewe!

Baadaye tulivaa jaketi za kujiokoa na miwani ya majini. Mimi sijui kuogelea. Nilishika kamba ya chombo kwa mikono miwili, nikatia uso majini. Lo! Chini yangu kulikuwa na shamba la mawe yenye rangi, samaki wa manjano, wa buluu, wenye milia. Na chini zaidi, kasa alipita polepole, akipiga mabawa kama ndege aliyechoka.

Hapa nisahihishe kosa la wengi wetu wa bara. Kobe ni wa nchi kavu, ana miguu. Kasa ni wa baharini, ana makasia. Na mmoja katika jamii ya kasa, mwenye mdomo kama wa mwewe, huitwa ng'amba; gamba lake liliwaponza wengi wao, kwani lilitafutwa kwa kutengenezea mapambo.

Matumbawe je? Nahodha alitukataza kuyakanyaga. "Yako hai," akasema. Mwenzangu akabisha, "Mbona ni LI-YA? Tumbawe hili, matumbawe haya. Yangekuwa hai tungesema huyu na hawa." Mwalimu alifurahi sana kwa swali hilo. Akaeleza kwamba tumbawe hujengwa na vijidudu vidogo mno, vinavyojitengenezea nyumba ya chokaa. Watu walioliita jina waliiona nyumba, hawakumwona mwenyeji. Kwa hiyo sarufi husema LI-YA, na elimu ya viumbe husema ni mnyama. Zote mbili zikumbuke, kila moja kwa mtihani wake.

5. WASINI: MAJI KUPWA NA KUJAA

Adhuhuri tulirudi kisiwani Wasini. Hakuna gari hata moja. Njia ni nyembamba, na watu huamkiana kila hatua. Kisiwa hakina mto, maji ya mvua hukingwa na kuhifadhiwa. Sisi wa Kinango hapo tulijihisi nyumbani! Wenyeji ni Wavumba, na lahaja yao ni Kivumba. Tulikula wali wa nazi kwa samaki, na mwani wa kukaanga nikaujaribu.

Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe, na daraja la mbao linalosimamiwa na kikundi cha akina mama. Matumbawe hayo ni ya kale. Bahari iliposhuka, yakabaki juu, yakafa, sasa yamesimama kama watu waliogeuzwa mawe. Kati yake imeota mikoko. Tulipofika chini ya daraja palikuwa pakavu, kaa wanakimbia. Tukiwa bado tunaandika, maji yakaanza kuingia taratibu kati ya mizizi.

Mwalimu akauliza, "Jana usiku mwezi ulikuwaje?" Mpevu. Basi, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana na kupwa sana, huitwa bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji husogea kidogo tu. Huitwa maji mafu. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa katika pwani yetu hufika karibu mita 4. Kila baada ya saa sita hivi hugeuka. Ndiyo maana lile fungu tulilolichezea asubuhi, saa kumi jioni tuliporejea Shimoni, lilikuwa limeshazama na majina yetu yote.

HITIMISHO

Nilifika nyumbani usiku. Ndugu yangu alikuwa macho.

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Na mtoto wake."

"Mlimfukuza mkamshika?"

"Hapana. Tulizima mashine, tukangoja."

Akafikiri kidogo. "Akaja mwenyewe?"

"Akaja mwenyewe."

Nilimsimulia yote, mama akisikiliza jikoni. Wiki iliyofuata niliiandika insha ile upya bila kuombwa, nikampelekea mwalimu. Safari hii hakuna magamba.

Wenzangu, maneno kama tezi, omo, ngama na joshi bado yana wenyewe, na wenyewe wazeeka. Ukipata nafasi ya kuuliza, uliza leo.

MAZOEZI

1. Tunga sentensi tatu kuonyesha PA, KU na MU ukitumia neno "baharini".
2. Eleza tofauti kati ya: (a) kobe na kasa (b) bamvua na maji mafu (c) tezi na omo.
3. Toa maana mbili za neno "fungu", na utungie kila moja sentensi.
4. "Dau la mnyonge haliendi joshi." Eleza maana ya nje na ya ndani ya methali hii.
5. Mwulize mzee mmoja wa kwenu maneno matano ya kazi yake ambayo huyajui. Yaandike pamoja na maana zake.

Majibu mpelekee mlezi wa chama. Kwaheri kwa sasa!