FAIDA YA KUPIMIWA KIWANJA NA MPIMA ARDHI

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mpima ardhi ni kusimika mawe pembeni mwa kiwanja, kupokea ujira wake na kwenda zake. Sivyo. Mwenye nyumba akifuatana naye kwa makini atajifunza mambo asiyoyajua, hata kama amekaa mahali pale tangu utoto wake. Leo tutazame mambo manne.

Kwanza, ukubwa. Katika vijiji vingi vya Tanzania ekari hupimwa kwa miguu, hatua 70 kwa hatua 70. Hesabu hiyo hupatana na ekari ikiwa kila hatua ni yadi moja, yaani sentimeta 91. Lakini ni nani kati yetu apigaye hatua ya namna hiyo? Nilimjua mzee mmoja aliyenunua ekari 3, hatua 70 kwa hatua 210. Miaka mingi baadaye mpima alikuja na chombo chake, ikaonekana kwamba hatua ya muuzaji haikuzidi sentimeta 75. Shamba lilikuwa mita 52.5 kwa mita 157.5, ndizo mita za mraba 8,269. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Basi mzee alilipa fedha za ekari 3 akapata ekari 2 na kidogo tu. Wala muuzaji hakuwa mwizi. Alikuwa mfupi wa miguu. Naye alikwisha kufa, na wanawe hawakuwa na kitu cha kurudisha.

Pili, mpaka. Minyaa hufa ikapandwa upya, na kila ipandwapo husogea kidogo. Mto nao hula ukingo wake. Mpima huweka chuma ndani ya zege, kisha huandika mahali pake katika ramani kwa tarakimu. Hata alama ikipotea, mpima mwingine aweza kuirudisha pale pale. Kuing'oa au kuisogeza kwa makusudi ni kosa la sheria.

Tatu, mahali pasipojengwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 yakataza kazi za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Na kando ya barabara kuu kuna eneo la hifadhi lililowekwa na sheria. Mpima ataonyesha eneo hilo likomeapo. Ni heri kujua kabla ya kuchimba msingi kuliko kuamka siku moja ukaona alama nyekundu ya X ukutani. Majuto ni mjukuu.

Nne, na hili husahauliwa sana: mpima hupima ardhi, hapimi haki. Hawezi kumfanya mtu kuwa mwenye shamba lisilo lake. Kijijini, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo itoayo hati ya hakimiliki ya kimila, na mume na mke waweza kuandikwa pamoja. Tena sheria hiyo yasema kwamba mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Wajane wengi wangalisalimika kama majina yao yangaliandikwa mapema.

Basi siku ya kupimwa, waite majirani wa pande zote, wazee waujuao mpaka, mkeo na watoto wako wakubwa. Tembeeni pamoja, na kila mmoja aone alama kwa macho yake. Neno la ubishi lisemwe siku hiyo hiyo, mashahidi wangali hai. Kisha itunze ramani mahali pasipofika maji wala mchwa.

Zoezi: Piga hatua 10 za kawaida, upime urefu wake kwa kamba ya vipimo. Gawanya kwa 10, kisha zidisha kwa 70. Jibu lizidishe kwa lenyewe. Je, ekari yako yafika mita za mraba 4,047?