Kuacha Tumbaku Baada ya Miaka Mingi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo: somo hili ni katika khabari ya mtu aliyevuta tumbaku miaka thalathini au arubaini, naye sasa ataka kuacha, na nafsi yake yamwambia kuwa wakati umekwisha pita.

Asili yake na hukumu yake

Tumbaku si mmea wa nchi za Kiislamu. Asili yake ni bara la Amerika, na haikuenea kwa Waislamu ila tangu mwisho wa karne ya 16 ya miladi. Kwa hivyo haimo kwa jina lake katika maneno ya Maimamu wanne, na wanavyuoni waliokuja baadaye walikhitalifiana. Sultani Murad wa Nne aliikataza huko Istanbul mwaka 1633, akaifanya adhabu yake kuwa kifo. Na katika karne hiyo hiyo Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus aliandika risala ya kutetea uhalali wake.

Walakini hoja kubwa ya walioihalalisha ilikuwa kwamba madhara yake hayakuthubutu, na hoja hiyo leo haina nguzo. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walidhihirisha kuwa sigara yafungamana na saratani ya mapafu. Na Shirika la Afya Duniani lahesabu watu zaidi ya milioni 7 wafao kila mwaka kwa sababu ya tumbaku. Na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa, bali huvuta moshi wa wenzao. Na Mwenyezi Mungu (S.W.), katika Suratul Baqara aya ya 195, amekataza watu kujitia katika maangamizo kwa mikono yao. Kwa ajili hiyo wengi katika wanavyuoni wa zama hizi wamehukumu kuwa ni haramu.

Na mwenye kutia tumbaku katika tambuu asidhani kuwa amesalimika, kwani hiyo huleta saratani ya kinywa. Wala mwenye buruma asidhani kuwa maji yaiondoa sumu.

Udhuru wa kwanza: "Nimekwisha kuwa mzee"

Mwenye kusema hivi hujibiwa kwa hisabu. Madaktari wanaume wa Uingereza waliangaliwa khabari zao miaka 50, tangu 1951 hata 2001. Ikaonekana kuwa mvutaji hupungukiwa na umri yapata miaka 10. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 40 aliokoa yapata 9 katika hiyo. Aliyeacha na miaka 50 aliokoa 6. Na aliyeacha na miaka 60 aliokoa 3. Basi mzee wa miaka sitini hajafungiwa mlango. Na umri wote ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, ila mja ameamrishwa kushika sababu.

Udhuru wa pili: "Siwezi"

Msemaji wa neno hili ashuhudiwa na Ramadhani yake. Kila mwaka, mwezi mzima, huingia alfajiri na hutoka magharibi, yapata saa 13, bila ya kuonja moshi, naye yu sokoni, au chomboni, au shambani. Aliyeweza kwa ajili ya saumu si ajizi. Ni kweli kwamba ndani ya tumbaku mna nikotini, ambayo hufika ubongoni kwa sekunde chache tu na kumfunga mtu. Walakini uzito wake mkubwa ni katika siku tatu za kwanza, kisha hupungua kwa majuma machache. Na kila hamu ikija haikai ila dakika chache. Mwenye kulijua hilo huingoja ipite.

Udhuru wa tatu: "Nitapunguza kidogo kidogo"

Mtu akisema: mbona ulevi ulikatazwa kwa daraja? Hujibiwa: daraja zile zilikuwa za kuzitengeneza nyoyo, lakini ilipofika amri ya mwisho, watu wa Madina waliimwaga pombe njiani siku ile ile. Na uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2016 waafikiana na hayo: katika kila watu 100 waliotakiwa kuacha kwa siku moja, 49 walikuwa wangali wameacha baada ya majuma manne, na katika waliotakiwa kupunguza kwanza, ni 39.

Njia ya kuacha

Kwanza, na aweke siku, atie nia kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na siku hiyo asibakishe nyumbani sigara wala kiko wala sahani ya majivu.

Pili, awape khabari mkewe na wanawe na wenzake wa barazani, wasimpe hata akiomba. Na ikiwa baraza yake ni ya wavutaji, na ahame kwa majuma hayo.

Tatu, hamu ikimjia, na ashike mswaki, atie udhu, anywe maji, atembee.

Nne, asione haya kwenda kwa daktari. Iko dawa ya kutafuna na ya kubandika ngozini, nayo huongeza sana matumaini ya kufaulu, na kujitibu kumeamrishwa na Mtume (S.A.W.).

Tano, akiteleza mara moja, asiseme "yamekwisha haribika". Aanze tena siku ile ile, kwani wengi walioacha waliteleza kabla ya kuthubutu.

Toba na haki za watu

Toba ina sharti tatu: kuacha jambo, kujuta, na kuazimia kutorudi. Na likiwa na haki ya mja, huzidi ya nne, nayo ni kuirudisha haki. Hapa ndipo wengi hughafilika. Mwenye kununua sigara kwa fedha ya nafaka, hali watoto wangojea chakula au ada ya chuo, amechukua kisicho chake. Mwenye kuvuta chumbani mwenye mtoto mchanga amemdhuru asiyeweza kusema. Basi fedha iliyokuwa ya tumbaku na ihesabiwe kila mwezi, irudi kwa watu wa nyumba. Na mke aombwe radhi.

Mwenyezi Mungu awape nguvu wote walioazimia, na awafanyie sahali. Amin.